Bukavu: Telefone isipotuma picha, mwenye nayo aambiwe ukweli

Sokoni Kadutu, mnunuzi wa telefone iliyokwisha tumiwa huangalia kioo na kamera, kisha analipa. Ni wachache wanaouliza namba ya Android, ingawa imeandikwa ndani ya mipangilio. Tangu tarehe 24 Oktoba 2023, WhatsApp haikubali tena Android iliyo chini ya 5.0. Telefone yenye 4.4 inapiga simu vizuri, lakini mama hawezi kumtumia mwanawe wa Uvira picha ya karatasi ya dawa kwa WhatsApp. Muuzaji aseme hivyo kabla ya kupokea pesa.

Telefone ikiwa na namba inayokubaliwa, fundi aangalie kwanza mega, tarehe na nafasi iliyobaki. Pengine kufuta video za zamani kutatosha. Kumwambia mama anunue mpya bila kuangalia hayo ni kumwibia.