AFYA YETU: Moyo Una Tarishi Wake

Mara nyingi mambo huwa hivi. Mtu ameshikwa na shambulio la moyo. Siku ya kwanza analia kwa maumivu ya kifua. Siku ya pili maumivu yametulia, anakunywa uji, anataka kurudi nyumbani. Muuguzi akija tena na sindano ya kuchukua damu, ndugu zake wananung'unika: "Jana mmechukua. Leo ni ya nini tena?" Wana haki ya kuuliza.

Moyo ni msuli. Nao hulishwa na damu, kama msuli wa mkono unaoshika jembe. Mshipa unaoulisha ukiziba, sehemu ya moyo huanza kufa. Hilo ndilo shambulio la moyo. Sehemu iliyobaki hulazimika kufanya kazi yote. Je, inalemewa kiasi gani? Maumivu yakitulia hayatuambii. Damu inaweza kutuambia.

Moyo hutengeneza homoni. Homoni ni kama tarishi. Kiungo kimoja humtuma, naye hupita ndani ya damu kupeleka habari kwa kiungo kingine. Moyo ukilemewa, kuta zake huvutika. Hapo hutuma tarishi wengi kwenye figo: "Toeni maji na chumvi, mzigo umenizidi!" Figo hutoa mkojo zaidi, mishipa hulegea, na moyo hupata nafuu kidogo.

Zamani watu walidhani moyo ni pampu tu. Mwaka 1981, Adolfo de Bold na wenzake huko Kanada walisaga nyama ya vyumba vya juu vya moyo wa panya. Maji yake wakawadunga panya wengine. Panya hao walikojoa mara 10 zaidi, na chumvi katika mkojo wao ikazidi mara 30. Mwaka 1988 wataalamu wa Japani wakapata homoni nyingine ya jamii hiyo katika ubongo wa nguruwe, wakaipa jina la ubongo. Baadaye ikajulikana kwamba kwa binadamu hutoka hasa moyoni. Jina halikubadilishwa, kama yule mzee aitwaye Mgeni ambaye amezaliwa na kuzeeka papa hapa kijijini. Madaktari huiita BNP kwa kifupi.

Mwaka 2001 yalitangazwa matokeo ya wagonjwa 2,525 walioshikwa na moyo ghafla. Walipimwa homoni hii katika siku chache za mwanzo. Waliokuwa nayo nyingi walikufa zaidi katika miezi 10 iliyofuata kuliko waliokuwa nayo kidogo. Ndiyo maana daktari anaweza kumzuia mgonjwa anayecheka na kutaka viatu vyake.

Damu inayochukuliwa ni kama kijiko kimoja cha chai. Kipimo kingine, cha troponini, huonyesha kama msuli wa moyo umeumia. Hicho hurudiwa baada ya saa chache ili kuona kama kiasi kinapanda.

Lakini BNP haisemi kila kitu. Wazee na wenye ugonjwa wa figo huwa nayo nyingi, na watu wanene huwa nayo kidogo. Basi ukiulizwa kama una ugonjwa wa figo, usifiche.

Kipimo hiki hufanywa katika hospitali kubwa, si kila zahanati inacho. Hata hivyo, ukisharudi nyumbani unaweza kuona mwenyewe kama moyo umelemewa. Miguu inavimba. Ukilala chali unakosa pumzi, unataka mto wa pili na wa tatu. Usiku unaamka kutafuta hewa. Uzito unapanda kwa siku chache tu, nawe huli zaidi ya kawaida.

Ukiona hayo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kifua hakiumi. Usingoje tarehe ya kliniki. Chukua vidonge vyako vyote katika pakiti zake, daktari avione.