Chungu Kimya Hakijalala

Miezi ya Juni na Julai, Iringa na Mbeya hupata baridi kali. Mpika komoni aliyetia kimea cha ulezi jioni huamka asubuhi akakikuta chungu kimya, hakina hata povu. Wako wasemao kwamba pombe imeharibika, wakaimwaga, na mahindi yakapotea bure. Kwa maoni yangu hukumu hiyo ni ya haraka, na shule zetu zina wajibu wa kuirekebisha.

Tangu utafiti wa Louis Pasteur juu ya uchachu, uliochapishwa kuanzia mwaka 1857, twajua kwamba kazi hiyo hufanywa na viumbe hai. Hamira iliyomo katika kimea haianzi kwa povu. Kwanza huyazoea makao mapya, kisha huongezeka: chembe moja huzaa mbili, mbili huzaa nne. Povu huonekana chembe zikiwa nyingi. Baridi huichelewesha, uji wenye joto la kupita nyuzi 50 za Sentigredi huiua. Basi kabla ya kumwaga, yafaa kuuliza: uji ulikuwa na joto gani kimea kilipotiwa?

Ndugu mwalimu, huhitaji pombe darasani. Chupa mbili za maji ya sukari na hamira ya mandazi, moja mahali pa joto, nyingine pa baridi, pamoja na kipimajoto na saa, zatosha. Wanafunzi na waandike waonayo kila robo saa. Kisha wakawaulize mama zao kwa nini huweka chungu karibu na mafiga. Jibu watakalopewa ni sayansi.