PIKIPIKI YA KWANZA: CHAGUA ILE UNAYOWEZA KUINUA PEKE YAKO



Kila jioni, kisha kula, finalisti wanakusanyika nyuma ya darasa. Ungezani wanazungumuza juu ya Exetat. Hapana! Wanazungumuza juu ya pikipiki. Mumoja anasema atanunua ya 200 cc, ndefu, yenye mipira ya meno. Mwingine anasema kama si mupya, heri atembee kwa miguu. Na kama mutu anataja pikipiki ndogo, wote wanacheka: "Eeh, ile njo ya bamama!"

Mimi vilevile ninatamani pikipiki, sitaficha. Katika Masisi na Walikale, kijana mwenye diploma na pasipo kazi anaona njia mbili tu: shamba ao pikipiki. Tena wengi shamba zao wameziacha. Mapema mwaka 2025 vita vilifika Masisi-Centre, Sake na Goma, na mwezi wa tatu Walikale. Kwa hivi sisemi kwamba kutaka pikipiki ni upumbafu. Ninasema neno moja tu: ile ya kwanza iwe ile unayoweza kuinua peke yako kama imelala ndani ya potopoto. Mengine yote yanafuata hapo.

Kwa nini ninasema hivi? Kwa sababu ya yaya yangu.

Alipomaliza masomo, baba aliuzisha ngombe wawili. Ngombe mumoja alikuwa wa minervali yangu, lakini yaya alisema: "Baba, pikipiki italipa minervali ya watoto wote." Tulifurahi. Alinunua pikipiki ndefu ya okazioni. Alipokaa juu yake, vidole vya miguu tu ndivyo viligusa chini. Baba alimuuliza: "Mutoto wangu, haiko juu sana?" Akajibu: "Papa, ile njo pikipiki ya mwanaume."

Juma la tatu aliteremuka kutoka Mushaki kwenda Sake, mvua inanyesha, kliyani nyuma yake na gunia ya viazi. Gari moja lilikwama mbele yake. Akasimama. Akatafuta udongo kwa muguu wa kuume, hakuupata, maana upande ule barabara ilikuwa imelika na maji. Wakaanguka polepole, wala hawakuwa na mbio hata kidogo! Lakini pikipiki ililala juu ya muguu wake na hakuweza kuiinua. Kliyani aliruka, asante Mungu. Watu walipokuja kumuondolea, mufupa ulikuwa umevunjika na ekapoma imeunguza nyama. Miezi mitatu alikaa kitandani. Pikipiki ikauzwa nusu ya bei ili kulipa dawa. Na mimi nilikosa trimesta nzima. Ndiyo maana niko darasani na wadogo zangu.

Angalieni vizuri: yaya hakuwa mulevi. Hakukimbiza. Alichagua tu kitu kikubwa kupita mwili wake na kupita ufundi wake.

Wengine watanijibu: "Sisi tumezoea chukudu tangu utoto. Mutu aliyeteremusha chukudu toka vilimani mpaka Sake ataogopa nini?" Ninaheshimu chukudu. Imelisha jamaa nyingi hapa kwetu, na muji wa Goma umeisimamishia sanamu. Inatufundisha kutazama barabara na kupima uzito. Lakini kuna tofauti kubwa. Chukudu inakimbia kwa mteremuko tu. Ukifika pahali pa sawa inachoka, nawe unaisukuma. Freni yake ni kipande cha mupira unachokanyaga juu ya gurudumu ya nyuma. Pikipiki iko na nguvu hata kwa kupanda, iko na freni mbili, ambreyaji, na vitesi ine ao tano. Mukono wa kuume unaongeza mafuta na palepale unashika freni ya mbele. Mutu akishituka, anakaza vyote viwili pamoja. Mazoea ya chukudu hayatakufundisha hiyo.

Sasa tuchague namna gani?

Kwanza, kaa juu yake. Nyayo zote mbili zifike chini, si vidole tu. Kwa barabara zetu, kutoka Sake kupita Masisi-Centre na Nyabiondo mpaka Walikale, unasimama mara mingi kuliko unavyokimbia: daraja la miti, gari lililokwama, barieri. Pikipiki inaanguka zaidi inaposimama.

Pili, iinue. Pikipiki ya 100 ao 125 cc iko na uzito wa karibu kilo 100 mpaka 125, pasipo muzigo. Omba rafiki mwenye pikipiki ya namna ileile. Mufunge robine ya esanse, muilaze polepole juu ya majani. Geuka, uipe mugongo, shika gido kwa mukono mumoja na chuma cha nyuma kwa mukono mwingine, kisha sukuma kwa miguu, si kwa kiuno. Ukishindwa kwa majani makavu, utaweza nini katika potopoto, peke yako, saa kumi na mbili ya jioni? Ukishindwa, tafuta nyingine. Hakuna haya.

Tatu, uliza piesi mbele ya kuuliza bei. Enda kwa mekanisiye wa kwenu, si wa Goma, umuulize: "Namna gani ya pikipiki uko na piesi zake hapa?" Mara mingi atakutajia TVS ao Boxer ya Bajaj, makampuni mawili ya India, maana ndizo zimejaa barabarani, na kila mutu anajua kuzifungua. Pikipiki nzuri isiyo na piesi ni kama ngombe asiye na maziwa: unailisha bure. Na ikikufia katika pori ya Walikale, utalala nayo.

Nne, kama ni ya okazioni, usiende peke yako wala usiende usiku. Fika asubui, ushike moteri kwa mukono kama iko baridi kweli. Muuzishaji aliyekwisha kuiwasha mbele yako labda anaficha kwamba inawaka kwa shida. Moteri ya mapigo ine ikitoa moshi wa buluu, inakula mafuta ya moteri. Tazama fursi za mbele kama zinavuja, shene na meno yake kama yamekuwa membamba kama ndoana, kadre kama imesudiwa upya. Kisha soma namba iliyopigwa kwenye kadre, ulinganishe na karatasi. Kama hazipatane, ondoka, hata bei iwe tamu namna gani. Pikipiki ya wizi utainunua mara mbili: mara ya kwanza kwa muuzishaji, mara ya pili kwenye barieri.

Tano, acha feza ya kaske. Wengine wanamaliza feza yote kwa pikipiki, kichwa kinabaki na kofia ya baridi. Uchunguzi wa waganga uliokusanywa katika inchi mbalimbali na kutangazwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kaske inapunguza hatari ya kufa kwa karibu 42 kwa mia, na hatari ya kuumia kichwa kwa karibu 69 kwa mia. Na Shirika la Afya la Ulimwengu lilitangaza mwaka 2023 kwamba ajali za barabara zinaua watu karibu milioni 1.19 kila mwaka, na kwamba hakuna kitu kinachoua watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 kuliko ajali hizo. Wandugu, miaka hiyo ni yetu. Ni sisi wa shule hii.

Ninasikia jibu lenu: "Ndogo haina nguvu kwa vilima vyetu. Na sisi tunataka kubeba watu wawili na magunia." Jibu hili si la bure. Kazi ni kazi, na njaa haingoje. Lakini mutu asiyejua kujibeba mwenyewe atabeba watu wawili namna gani? Miezi ya kwanza panda peke yako. Jifunze kuteremuka na vitesi ya pili ao ya kwanza, moteri ikuzuie, usizime moteri ili kupunguza esanse. Jifunze freni ya mbele kwa ukavu, maana ndiyo inasimamisha zaidi, na kuigusa polepole sana kwa potopoto. Kisha beba mutu mumoja. Muzigo utakuja.

Kwa sababu hiyo siwashauri kuanza na pikipiki ya mutu, ile ya kulipa feza kila jioni kwa mwenye nayo. Mutu wa namna hiyo hajifunze, anakimbizana na saa. Mvua inanyesha, yeye anaenda, amechoka, anaenda, ana kliyani watatu, anaenda. Kama huna njia nyingine, ninakuelewa. Lakini jifunze kwanza, kisha ukope.

Na juu ya haya ya kupanda pikipiki ndogo: Honda ilianzisha Super Cub mwaka 1958, na moteri yake ya kwanza ilikuwa 50 cc tu. Kufika mwaka 2017 walikuwa wametengeneza milioni 100 za jamii hiyo. Hakuna pikipiki nyingine ulimwenguni iliyotengenezwa kwa hesabu hiyo. Ninyi wote mumeona tena zile Yamaha AG 100 za watu wa misioni na wa afya: AG maana yake ni kilimo, ilifanywa kwa kazi ya shamba. Waganga wengi walifika vijijini nayo, wala hakuna mugonjwa aliyewacheka kwamba wamekuja na ya bamama.

Kwa waalimu wetu na kwa Bwana Prefe ninaleta ombi moja. Kisha Exetat, mbele finalisti hawajatawanyika, mutupatie Siku ya Posho moja. Aje mekanisiye mumoja na pikipiki yake, aje infirmiye mumoja atuonyeshe namna ya kufunga mufupa uliovunjika. Haitaomba feza mingi. Musiseme kwamba mutatufundisha kuacha shule. Wale watakaopanda watapanda tu, mutufundishe ao musitufundishe.

Na wewe finalisti, siku baba atakapokuambia "ngombe yuko tayari, tuende soko", kumbuka kwamba ngombe yule ana watoto wengine nyuma yake wanaongoja minervali. Usiulize kwanza kama wasichana watageuka kukutazama. Laza pikipiki juu ya majani, uinue. Ikisimama, ulipe. Isiposimama, rudisha ngombe nyumbani, atafute majani mwaka mumoja tena.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita, Pedagoji