Aliyezidiwa na Unga Naye Aokolewe

Tarehe 6 Mei 2017, basi la shule lilitumbukia korongoni Rhotia, wilayani Karatu, wakafariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walinusurika, na miongoni mwa waliowahi kuwasaidia ni wapita njia. Katika barabara ya Karatu na Ngorongoro, ambako hospitali kubwa za Arusha ziko mbali kwa zaidi ya kilomita 100, anayefika mwanzo ndiye sababu ya uhai, kwa idhini ya Allah (SW).

Lakini yuko mgonjwa ambaye wengi humpita: kijana aliyezidisha heroini. Watu husema, "Teja huyo, aacheni alale." Kumbe halali, anakufa. Heroini huzima pumzi. Mboni za macho husinyaa kama ncha ya sindano, midomo hubadilika rangi, naye akiitwa haitiki.

Dawa ipo. Naloksoni huondoa nguvu ya heroini na kurejesha pumzi ndani ya dakika chache, wala hailevyi. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilishauri iwafikie hata wasio waganga, maadamu wanaweza kumkuta mtu katika hali hiyo. Hata hivyo, nguvu yake huweza kuisha kabla ya heroini, hivyo mgonjwa lazima asaidiwe kupumua na afikishwe hospitali.

Wapo wasemao kuwa kumwokoa teja ni kuubariki ulevi. Hoja hiyo haina mashiko, kwani maiti hatubu. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa mtu mmoja aliadhibiwa mara kadhaa kwa ulevi. Mwenziwe alipomlaani, Mtume (SAW) alimkataza. Haramu ilibaki haramu, na udugu ulibaki udugu. Aidha, tangu Februari 2011, ilipoanza Muhimbili, tiba ya methadoni imewafungulia waathirika nchini mlango wa kurejea.

Kwa hiyo tunazitaka halmashauri za Karatu na Ngorongoro zihakikishe kuwa magari ya wagonjwa na zahanati zina naloksoni, na wahudumu wamefunzwa kuitumia. Polisi wasitangulie mbele ya mganga, kwani hofu ya pingu huwafanya wenzake wamkimbie badala ya kumwitia msaada. Nasi Waislamu, misikiti yetu ifundishe huduma ya kwanza kama inavyofundisha kuosha maiti. Tusingoje kijana afe ndipo tumhudumie.

Wabillahi tawfiq.