JINA LA TIMU SI MALI YA MWENYE UWANJA

Wanachama wenzangu,

Kuna neno lisemwalo sana na watu waliosoma, na kwa kuwa lasemwa kwa sauti ya upole wengi hulipokea pasipo kulipima. Wasema ya kwamba timu ya mpira wa miguu ni mali kama mali nyingine: aliyenunua uwanja amenunua timu, naye ana haki ya kuifunga kama mtu afungavyo duka lake usiku. Neno hilo nalipinga lote, mwanzo hata mwisho, na ushahidi wangu ni mambo yaliyoipata timu ya Dulwich Hamlet ya kusini mwa London. Nimeichagua kwa sababu si timu ya matajiri. Wachezaji wake hulipwa kidogo, nao wana kazi nyingine za kuwapatia riziki. Na watazamaji wake wengi ni watu wa mitaa ile ile, wenye mishahara ya kuhesabu.

Timu hiyo iliundwa mwaka wa 1893. Aliyeisimamisha ni Lorraine Wilson, ambaye watu walimwita "Pa", yaani Baba, na waliomwendea na shauri hilo walikuwa vijana waliotoka katika shule ya Dulwich Hamlet. Angalieni: haikuzaliwa na kampuni yo yote. Kwa miaka mingi wachezaji wake hawakupokea hata senti moja, wala haikuwa aibu kwao. Walitwaa Kombe la Wasiolipwa la Uingereza mara nne, yaani mwaka wa 1920, 1932, 1934 na 1937. Mmoja wao, Edgar Kail, aliifungia timu mabao zaidi ya 400, akakataa kwenda kucheza kwa mshahara. Mwaka wa 1929 alichaguliwa kuichezea Uingereza, akafunga mabao mawili katika mchezo wake wa kwanza, dhidi ya Ufaransa, mjini Paris. Leo njia iendayo uwanjani huitwa kwa jina lake.

Uwanja wenyewe ni Champion Hill, ambako timu ilihamia mwaka wa 1912. Mwaka wa 1933 watu zaidi ya 20,000 waliingia humo kutazama fainali ya kombe lile lile, ingawa siku ile Dulwich hawakucheza. Na katika michezo ya Olimpiki ya 1948 Korea waliwafunga Mexico humo, 5 kwa 3. Sasa nawauliza waungwana wa sauti ya upole: mambo haya yameandikwa katika hati gani ya mauzo? Na bei yake ilikuwa shilingi ngapi?

Zama zikageuka. Watazamaji wakapungua, na mwaka wa 1974 Chama cha Mpira cha Uingereza kikaondoa tofauti kati ya walipwao na wasiolipwa. Mwaka wa 1991 uwanja mkubwa ukabomolewa, sehemu ya ardhi ikawa duka la Sainsbury's, nao uwanja mdogo ukajengwa kando yake. Mwaka wa 2014 ardhi ikaingia mikononi mwa kampuni ya Meadow Residential, ambayo shabaha yake ilikuwa kujenga nyumba za ghorofa, 155 kwa hesabu. Sikatai kwamba kampuni ilitoa fedha zake kuisaidia timu kwa muda. Lakini ruhusa ya kujenga haikupatikana kwa halmashauri ya Southwark, na mwisho wa mwaka wa 2017 mkono ule uliokuwa ukitoa ukaondolewa. Mwezi wa Machi 2018 timu ikafukuzwa Champion Hill, na juu yake ikadaiwa kodi iliyozidi pauni 120,000.

Hata hapo mtu aweza kusema, mwenye nyumba amemtoa mpangaji. Vema. Lakini ilikuja na barua ya mawakili kusema kwamba maneno "Dulwich Hamlet Football Club", na "The Hamlet", na hata zile herufi nne "DHFC", yamekwisha kuandikishwa kuwa alama za biashara za kampuni yenye uhusiano na wenye ardhi, na timu isiyatumie tena katika karatasi zake.

Sisi makarani twajua nguvu ya daftari. Killa siku twaandika majina ya watu, na twajua taabu ya kulitoa jina lililokwisha kuandikwa mahali pasipo pake. Basi fikirini: mtu ameitwa kwa jina lake miaka 124; mgeni wa miaka mitatu aenda idarani, alipa ada, arudi na risiti, kisha amwambia mwenyeji, "Jina hili ni langu." Wasemao "ni sheria" na waseme pia kama wangekubali kutendwa vivyo hivyo katika nyumba zao. Watu wa Dulwich hawakukubali. Waliandamana, na mbunge wao, Helen Hayes, akalipeleka shauri hili Bungeni. Leo timu yaitwa kwa jina lake la kale.

Na sasa nafika kwenye jambo ambalo wapinzani wangu hawalitaji kamwe. Timu ilipofukuzwa ilipokewa na jirani na mshindani wake wa siku nyingi, Tooting & Mitcham, akaipa uwanja wake wa kuchezea. Watu wakaja na vitambaa vyao vya rangi ya waridi na samawati iliyoiva, wakakata tikiti, wakaimba. Tarehe 7 Mei 2018, katika uwanja huo wa kuazima, Dulwich Hamlet waliishinda Hendon kwa penalti, wakapanda daraja la sita la mpira wa Uingereza, ambako hawakupata kufika kabla. Siku hiyo Champion Hill palikuwa pamefungwa kwa kufuli. Ikiwa uwanja ndio timu, ni nani aliyepanda daraja? Majani?

Tarehe 26 Desemba ya mwaka huo walirudi kwao. Mwaka wa 2023 walishuka daraja tena, wala sikusikia mtu akisema kwamba timu imekufa.

Lakini lawama yangu haiishii kwa kampuni. Kuna viongozi wa timu, huko na huku kwetu pia, ambao huona karatasi ni kazi ya kuchosha, wakaridhika na neno la mdomo la tajiri mwema. Tajiri mwema hufa, au huuza, au hukasirika. Jina na liandikishwe kwa wanachama wenyewe, na mkataba wa uwanja uwe wa miaka mingi, wenye sahihi, nakala yake ikae kwa katibu. Haya si maneno ya uchochezi. Ni kazi ya karani wa daraja la chini, ya asubuhi moja.

Katika mkutano wetu ujao nitasimama kuuliza jina la timu yetu ya mpira limeandikwa chini ya nani, na uwanja tuuchezeao twautumia kwa hati gani. Namwomba Bwana Katibu aje na karatasi zenyewe, si na maelezo.