Jamaica haiendwi kwa kuimba

Wiki hii nimeponea kwenye tundu la sindano. Kaa nikupe mkanda wote.

Mimi na mchumba wangu tuna kibubu. Miaka miwili sasa tunakilisha noti kwa ajili ya fungate, na fungate yenyewe tuliapa ni Jamaica. Washikaji kijiweni wakisikia wanakufa kwa kicheko: "Bahari si ipo Kigamboni? Panda pantoni!" Tumewaacha waseme.

Juzi jamaa mmoja wa tiketi akanipigia. Ana tiketi mbili za bei poa, Dar hadi Montego Bay, ndege unabadilisha Marekani. Ukilipa pesa hairudi, na anataka jibu kabla ya jua kuzama. Mtu mzima nikaanza kutafuta nyundo ya kuvunjia kibubu. Mchumba akaniuliza swali moja tu: "Hapo Marekani tunapita kwa visa gani?"

Nikabaki mdomo wazi. Kumbe Marekani hata kama unabadilisha ndege tu, lazima upite uhamiaji na visa uwe nayo. London nako Mtanzania anatakiwa visa ya kupita, hata kama hatoki nje ya uwanja. Ningelipa, fungate ingeishia pale pale uwanja wa Mwalimu Nyerere, tumekalia mabegi. Kwa hiyo somo la kwanza: panga njia kwanza, kisiwa baadaye.

Nyundo ikarudi uvunguni, tukachukua kalenda. Msimu wa vimbunga kule ni Juni 1 hadi Novemba 30, na si hadithi za kutishia watoto. Mwaka 1988 kilipita Gilbert. Oktoba 28, 2025 kikatua Melissa, daraja la 5, upepo wa kilomita 295 kwa saa, kikaisambaratisha Jamaica ya kusini magharibi. Kuanzia katikati ya Desemba hadi katikati ya Aprili hali ya hewa ni bomba, lakini Wazungu wanaokimbia baridi wanajaa na bei zinapaa. Tukachagua wiki ya mwisho ya Aprili. Bei zinashuka, vimbunga bado, na huku Dar masika yatakuwa yanawalowesha wale wale wa kijiweni.

Basi ugomvi ukaanza. Mimi nataka Kingston, nikaione nyumba ya Bob Marley, namba 56 Hope Road, ambayo sasa ni makumbusho. Halafu nipande Blue Mountain, mita 2,256. Mwenzangu anataka Negril, mchanga mweupe na jua likizama baharini. "Siolewi ili nikapandishwe milima," akasema.

Ramani ikatupatanisha. Kisiwa kizima kina urefu wa kilomita 235 hivi, kinazidi kidogo tu safari ya Dar na Morogoro. Siku mbili Kingston, kisha kaskazini hadi Ocho Rios kwenye maporomoko ya Dunn's River, ambayo watu huyapanda kwa miguu kutokea baharini, wameshikana mikono. Milimani huko ndiko kiliko kijiji cha Nine Mile, alikozaliwa Marley mwaka 1945 na alikozikwa 1981. Halafu Montego Bay, tumalizie Negril. Mlima nimeuachia, maporomoko atapanda.

Kuhusu pesa, usizimie ukiona sahani ya kuku imeandikwa dola 1,500. Hizo ni dola za Jamaica, na dola moja ya Marekani inabadilishwa kwa zaidi ya 150 za kwao. Piga hesabu kabla hujakimbia meza.

Lakini mchumba alikuwa na swali lingine, na hilo lilinikalisha kimya. "Watu wameezuliwa mapaa na Melissa, sisi twende kuchekacheka ufukweni?"

Nililala nalo. Asubuhi nikamjibu hivi: mpishi, dereva na mama muuza matunda wa kule wanakula kwa mgeni. Tukiogopa kwenda, bati halirudi juu ya nyumba ya mtu. Ila tuulize kwanza hoteli imeshafunguliwa kweli, na tusijifungie kwenye zile hoteli za kulipia kila kitu kwa mkupuo, ukila, kunywa na kulala humo humo. Tutoke, tule kuku wa jerk barabarani, noti imfikie mwenye jiko. Akanitazama, akasema, "Hapo sawa."

Tukajumlisha tena: tiketi, visa za njiani, vyumba, chakula. Kibubu hakijafika hata nusu. Aprili hii haiwezekani, labda ijayo. Nikamwambia kwa unyonge, "Au tukubali Kigamboni?"

Hakunijibu. Alifungua pochi, akatoa elfu kumi, akaikunja vizuri, akaitumbukiza.

Haya, tukutane wiki ijayo. Na wewe mwenye jamaa wa tiketi za bei poa, muulize njia kwanza!