Barabara na Kibatari

Ni halali mwenye gari aichangie barabara anayoitumia. Juu ya hilo hatuna ubishi. Ubishi wetu uko katika kipimo.

Kwa miaka mingi Tanzania ilimpima kwa ukubwa wa injini. Mwenye gari alidaiwa ada ya leseni kila mwaka, hata kama gari lenyewe lilikuwa juu ya mawe uani likingoja vipuri. Mwaka 2017 ada hiyo ilifutwa, na badala yake zikaongezwa shilingi 40 katika ushuru wa kila lita ya mafuta. Hapo palikuwa na haki fulani: asiyesafiri halipi, aendaye mbali hulipa zaidi. Tena askari akakosa sababu moja ya kumsimamisha dereva.

Lakini shilingi hizo 40 ziliwekwa pia juu ya mafuta ya taa. Bibi kizee anayewasha kibatari ili mjukuu asome alitwishwa sehemu ya deni la gari asilokuwa nalo. Tunajua hoja ya upande wa pili: mafuta ya taa yakiwa rahisi mno, walaghai huyachanganya na dizeli. Kwa ajili ya uchakachuaji huo ushuru wake ulikwisha kupandishwa sana tangu mwaka 2011. Basi mlaghai akakosa faida, na bibi akalipa gharama ya kumzuia. Vivyo hivyo dizeli ya mashine ya kusaga, ambayo haijapata kukanyaga lami, hutozwa sawa na ya basi.

Kuna na jambo la uzito. Majaribio yaliyofanywa huko Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, yalionyesha kwamba ekseli ikiongezewa uzito mara mbili, huiumiza barabara takriban mara 16. Lori hunywa mafuta mengi kuliko gari dogo, ndiyo. Lakini halinywi kwa kadiri linavyoharibu. Kwa hiyo ushuru wa mafuta peke yake humbeba mwenye mzigo mzito kwa mgongo wa mwenye mzigo mwepesi. Mizani ya barabara kuu huwaadhibu waliozidisha tu. Aliye ndani ya kikomo haulizwi zaidi.

Tunaona yafaa mafuta ya taa yaondolewe kabisa katika hesabu ya barabara, wenye mashine za kusaga warudishiwe ushuru wao, na malori yatozwe kwa uzito wa ekseli na mwendo. Magari ya umeme nayo yatafutiwe kipimo chake mapema, maana hayapiti kituo cha mafuta.

Mwaka 2021 ziliongezwa shilingi 100 nyingine kwa lita ya petroli na dizeli, kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zilizo chini ya TARURA. Katika mkutano ujao wa kijiji, mwombeni diwani awasomee ni kilometa ngapi za kata yenu zilizotengenezwa kwa fedha hizo.